Asiyekuwapo na Lake Liwepo

Wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Maneno haya yaeleza mambo yalivyo. Pakikaliwa kikao cha kugawanya mali, aliye barazani husema na husikizwa. Aliye safarini, na mtoto mdogo, na mjane aliye ndani, huletewa khabari baadaye, mambo yakiwa yamekwisha. Ndivyo ilivyo. Lakini je, ndivyo ipasavyo kuwa? Methali yaweza kutueleza ulimwengu ulivyo bila ya kutupa ruhusa ya kuuacha hivyo hivyo.

Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili. Mtu akipewa mamlaka ya kuamua kazi ifanywe vipi, na kazi hiyo itatumiwa na maelfu ya watu ambao hakai nao wala hawajui, yeye ni nani katika kazi hiyo? Je, ni mwenyewe, afanye apendavyo? Ni mtumishi wa wale waliotoa fedha? Au ni mwekewa amana wa wale wasiokuwapo?

Swali hili mimi sikulipata kitabuni. Nimelipata katika kazi niliyoifanya kwa muda wa miaka 3, kazi ambayo mtu wa umri wangu, aliyesoma chuoni kwa ubao na kalamu ya utete, hakudhani kuwa ataitiwa. Misikiti kadha ya hapa Mombasa ilichanga fedha ili itengenezwe programu ya simu ya kuonyesha nyakati za sala. Vijana watatu waliosomea kompyuta wakakubali kuiandika. Lakini walitoa sharti moja, wakasema: "Twataka mtu mmoja wa kutwambia kipi kifanywe na kipi kitangulie. Tukiwa na mabwana kumi hatutafika." Kamati ikanitaja mimi, kwa kuwa nimefundisha ilimu ya falaki kwa miaka mingi.

Wale vijana wakanieleza kuwa cheo hicho kina jina lake katika kazi zao, na maana ya jina hilo ni "mwenye bidhaa". Limetoka katika utaratibu wa kazi uitwao skramu, jina lililochukuliwa katika mchezo wa raga. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Takeuchi na Nonaka, waliandika makala juu ya makampuni yanayotengeneza vitu vipya kwa haraka, wakayafananisha na timu ya raga inayokwenda mbele pamoja huku ikirushiana mpira. Wamarekani wawili, Jeff Sutherland na Ken Schwaber, wakalichukua wazo hilo katika kazi za kompyuta, wakalieleza mbele ya wataalamu wenzao mwaka 1995, na mwaka 2010 wakatoa mwongozo wao, ambao umesahihishwa mara kadha, mara moja ikiwa mwaka 2020. Kwa utaratibu huu kazi hukatwa mafungu mafungu, kila fungu lisizidi mwezi mmoja, na kila fungu likimalizika watu huonyeshwa kilichofanywa. Na mwenye bidhaa ndiye mwenye kuitunza orodha ya kazi, na kuipanga, akaamua la kwanza na la mwisho. Mwongozo wasema wazi kuwa yeye ni mtu mmoja, si kamati.

Ndugu msomaji, jina hili lina mtego ndani yake. Sisi kwa lugha yetu twajua mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye chombo. Mwenye nyumba aweza kuibomoa akipenda. Lakini mimi niliyeitwa mwenye bidhaa, nilikuwa na nini? Fedha zilikuwa za waumini. Mikono na akili zilizoandika programu zilikuwa za wale vijana. Simu zilikuwa za watu majumbani mwao. Na nyakati za sala zimewekwa na Mwenyezi Mungu kwa mwendo wa jua, hapana kamati iwezayo kuzisogeza. Basi nilitazama nikaona kuwa mimi nilikuwa mwenye kitu kimoja tu: mwenye kujibu. Likiharibika jambo, ni mimi wa kuulizwa.

Na dini yetu imetufundisha jambo hili kabla ya makampuni kulijua. Kila mmoja wetu amefananishwa na mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hana mbuzi. Mbuzi ni wa watu. Lakini akipotea mmoja jioni, hapana atakayemwuliza mwenye mbuzi.

Nitakueleza mambo niliyojifunza, nawe upime mwenyewe kama yakuhusu.

La kwanza ni kupambanua baina ya kinachoombwa na kinachohitajiwa. Mara tu khabari ilipoenea kuwa programu inatengenezwa, orodha yangu ilijaa. Huyu ataka kasida. Huyu ataka matangazo ya maziko. Huyu ataka michango ya msikiti ikusanywe humo humo. Mwengine ataka picha ya msikiti wa mtaa wake iwe ya kwanza. Vyote hivi si vibaya. Lakini tazama nani aliyeomba: ni wale wenye nambari yangu ya simu na wale wanaokaa nami barazani. Mvuvi wa Shimoni hakuomba kitu, wala mama anayekaanga mahamri alfajiri mtaani hakuomba kitu. Na hao ndio khasa programu ilikuwa ikitengenezewa.

Hapa nataka kukutolea mfano ambao kila nyumba yaujua matunda yake, ijapokuwa si kila mtu aijuaye asili yake. Mwezi wa Oktoba 2005, watu wawili wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza, Nick Hughes na Susie Lonie, pamoja na Safaricom, walianza kujaribu kazi ya fedha kwa njia ya simu hapa Kenya, upande wa Nairobi na Thika. Makusudio yao yalikuwa ni wakopaji wa shirika la Faulu waweze kulipa mikopo yao kwa simu. Watu waliojaribishwa hawakufika 500. Basi wale waliotumwa wakakaa kuwatazama watu, wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Watu walikuwa wakipelekeana fedha wao kwa wao. Mtu aliyekuwa akisafiri aliweka fedha zake kwa wakala asubuhi, akazitoa aendako, ili asichukue fedha taslimu njiani. Walipoyaona hayo hawakuwaambia watu, "Nyinyi mwakosea, kitu hiki ni cha mikopo." Waliiweka kando ile mikopo, wakashika lile moja lililohitajiwa na wengi, nalo ni mtu aliye mjini kupeleka fedha nyumbani kwao. Mwezi wa Machi 2007 kazi ikafunguliwa kwa jina la M-Pesa.

Tazama, msomaji, lililokuwako hapo. Kuacha ulilolipanga kwa ajili ya lile uliloliona ni jambo zito kwa nafsi, kwani nafsi hupenda iambiwe kuwa ilikuwa na haki tangu mwanzo. Mwenye bidhaa akilipenda wazo lake kuliko watu waliotengenezewa, amekwisha kuwa mwizi wa amana hata kama hakuchukua senti.

La pili nililojifunza ni kuwa kutanguliza ni kuhukumu. Wale vijana walikuwa wakinambia kila mwezi: "Maalim, twambie moja tu la kwanza." Hili si swali jepesi. Ukitanguliza hili umemwambia mwengine asubiri. Kadhi akihukumu, wenye kesi wote wawili wako mbele yake, na atakayeshindwa humwona usoni. Mwenye orodha humhukumu asiyemwona.

Kanuni niliyoishika ni hii: litangulie lile ambalo likikosewa latia watu katika madhara, na lile ambalo mnyonge hana njia nyengine ya kulipata. Kwa kanuni hiyo, la kwanza likawa ni usahihi wa alfajiri na magharibi, kwani hapo ndipo saumu za watu zilipo. Na la pili ni kuwa programu ifanye kazi bila ya intaneti, na katika simu ndogo za bei rahisi, na kwa maandishi makubwa. Kijana mwenye simu ya thamani na bando la mwezi ana programu kumi nyengine za kuchagua. Bibi mwenye simu aliyorithi kwa mjukuu wake hana.

Na nikueleze kwa nini jambo la alfajiri si dogo. Alfajiri ya kweli hujulikana kwa mwangaza unaotanda upande wa mashariki wakati jua bado li chini ya upeo wa macho. Wanafalaki hupima kwa digrii jua lilivyo chini, nao hawakuafikiana. Wako wanaoshika digrii 15, wako wa 18, na hesabu ya Misri ni digrii 19 na nusu. Hapa kwetu karibu na mstari wa Ikweta, kila digrii moja ni takriban dakika 4. Basi baina ya hesabu ya 15 na ya 19 na nusu mna kiasi cha dakika 18. Mtu katika dakika 18 aweza kula daku nzima na kunywa chai. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekula akidhani kuwa usiku ungalipo, kisha ikabainika kuwa alfajiri ilikwisha kuingia, atailipa siku ile. Basi nambari moja inayoandikwa na kijana mmoja katika mstari mmoja wa programu, yaingia katika saumu ya watu maelfu, na wao hata hawajui kuwa nambari hiyo iko.

Tuliwauliza wanazuoni, tukalinganisha na ratiba zilizozoeleka misikitini mwetu, tukashika digrii 18. Kisha nikaamrisha kuwa jambo hilo liandikwe waziwazi ndani ya programu, ili mtu ajue ni hesabu gani anayoifuata, na mwenye kutaka kujizuilia mapema ajizuilie. Kuamua kwa niaba ya watu kwahitaji kuwaambia umeamua nini. Hukumu inayofichwa ndani ya mashine haina rufaa.

La tatu ni baina ya shauri na jawabu. Niliona watu wawili wakikosea hapa kwa njia mbalimbali. Yuko anayedhani kuwa maadamu yeye ndiye mwenye bidhaa, basi hana haja ya kuuliza mtu. Na yuko anayeuliza kila mtu na kumridhisha kila mtu, kazi isende mbele wala nyuma. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini nahodha asiyemsikiza mtu aliye gubitini naye hupanda mwamba. Dini yetu imeamrisha shauri, na baada ya shauri kuna kuazimia. Mashauri ni ya wengi. Jawabu ni la mmoja, na lawama ni yake.

Mathalan, palizuka neno juu ya sala ya alasiri. Sisi Mashafi twasema wakati wake huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiongeza kivuli kilichokuwako jua lilipokuwa kati. Ndugu zetu Mahanafi husema mara mbili ya urefu wake, na hapa kwetu tafauti yake ni kiasi cha saa nzima. Katika kikao chetu hapakuwa na Mhanafi hata mmoja. Wengi walisema: "Waandikiwe nini, nao ni wachache?" Nilisikiliza, nikawaambia: huko kutokuwapo kwao hapa ndiko kunakowapa haki ya kukumbukwa. Ikatiwa khiari, mtu achague madhehebu yake. Kazi hiyo iliwachukua vijana siku 2. Kwa wengi walioketi pale ilikuwa ni kazi bure. Kwa yule mchache ilikuwa ndiyo programu yenyewe.

La nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni kukataa. Watu hudhani kuwa kazi ya mwenye bidhaa ni kukubali mambo mazuri. La, hasha. Mambo mazuri hujikubalisha wenyewe. Kazi yake ni kusema hapana, tena mara nyingi akimwambia mtu aliye mbele yake, mwenye nguvu na mwenye hisani, kwa ajili ya mtu asiyekuwapo ambaye hatajua kamwe kuwa alitetewa.

Alikuja mfanyabiashara mmoja, mtu mwema, akasema atatoa fedha za mwaka mzima, na badala yake litajwe jina la duka lake kabla ya adhana. Mtu kama huyo si rahisi kumkataa, khasa mkiwa mna deni. Nilimwambia: "Ndugu yangu, adhana si yangu nikuuzie nafasi mbele yake." Alikasirika, baadaye akatulia, na mchango akautoa kidogo kidogo bila ya jina.

Lakini kuna biashara nyengine ambayo haina sauti wala jina la duka, nayo ni khatari zaidi. Programu ya sala hutaka kujua mahali ulipo, kwani bila ya hivyo haiwezi kuhesabu jua lako. Jua la Kigoma huchwa takriban dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, na saa za ukutani ni moja. Kwa hiyo mtu huiruhusu simu itoe khabari ya mahali alipo, naye huitoa kwa nia ya ibada. Mwezi wa Novemba 2020, jarida la Motherboard la Marekani lilitoa khabari kuwa programu ya sala iitwayo Muslim Pro, inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikipeleka khabari za mahali walipo watu wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kuwa kampuni hiyo huuza khabari za namna hiyo kwa wakandarasi, na kupitia kwao hufika katika jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuwa wao waliliuzia jeshi, wakasema wamevunja uhusiano wao na X-Mode.

Mimi sikuyataja haya ili tuwahukumu watu walio mbali. Nayataja ili uone jinsi amana inavyoweza kutoka mlangoni bila ya mtu kusikia mlango. Aliyeiruhusu simu yake alikuwa akitafuta kibla. Hakuna aliyemwuliza kama yu radhi kuhesabiwa na watu asiowajua. Nasi pia tulijiwa na watu waliotaka khabari za watumiaji wetu, kwa malipo. Kenya ina sheria ya kulinda khabari za watu tangu mwaka 2019, na ni vyema iwe ipo. Lakini hata kama isingalikuwapo, hukumu ingalikuwa ni ile ile: mtu amekupa kitu kwa ajili ya jambo maalumu, hukitumii katika jambo jengine ila kwa idhini yake. Nikawaambia vijana wafanye hesabu ndani ya simu yenyewe, na khabari ya mahali isitoke kabisa. Kisichochukuliwa hakiwezi kuuzwa, wala na sisi wala na watakaokuja baada yetu.

La tano ni kuisikiza lalama. Kabla ya kuitoa programu kwa watu wote, tuliigawa kwa majaribio katika mwezi wa Shaaban, mjini na vijijini. Bibi mmoja wa kijiji cha pwani ya kusini akaniletea salamu kwa mjukuu wake, akasema: "Mwambie Maalim, jogoo wangu na muadhini wetu ni kitu kimoja, simu hii ndiyo mgeni." Maana yake, alfajiri ya simu ilikuwa ikichelewa. Vijana waliangalia hesabu zao, wakaziona sawasawa, wakasema huenda simu ya bibi ni mbovu. Nikawaambia: "Wanangu, nendeni mkaione."

Walikwenda. Wakakuta kuwa utambuzi wa mahali ulikuwa umezimwa katika simu ile ili betri isiishe haraka. Na programu ilipokosa kujua mahali, ilichukua mji wa Nairobi, kwani saa za Kenya ndani ya simu hujulikana kwa jina la mji huo. Nairobi iko magharibi yetu, na alfajiri yake huja dakika 10 na zaidi baada ya ya pwani. Bibi yule lau angaliiamini simu na kumwacha jogoo, angalikula Ramadhani nzima baada ya alfajiri. Basi ikarekebishwa: programu ikiwa haijui mahali, isikisie, bali imwulize mtu achague mji wake. Asiyejua huuliza, na mashine pia yapasa ifundishwe adabu hiyo.

Sasa tazama lau lalama ile ingalijibiwa kwa kiburi. Huko Uingereza yako mambo yaliyotokea ambayo kila mwenye kushika kazi za watu yampasa ayajue. Shirika la Posta la huko lilitia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika maduka madogo ya posta kuanzia mwaka 1999. Programu ikawa yaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwako. Wenye maduka walilalama; wengi wao wameeleza kuwa walijibiwa kuwa ni wao peke yao wenye shida hiyo, na hali walikuwa mamia. Mashine ikaaminiwa, watu wakaitwa wezi. Baina ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa makosa yaliyotegemea hesabu za programu hiyo. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, wako waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Mwezi wa Disemba 2019 mahakama ikathibitisha kuwa programu ilikuwa na kasoro. Mwezi wa Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu za mamia waliobakia.

Ni nini kilichokosekana pale? Walikuwako mafundi, na wakubwa, na mawakili. Aliyekosekana ni mtu wa kusema, "Hebu nendeni mkaione." Mwenye duka la posta kijijini hakuwapo katika vyumba vya wakubwa, na lake halikuwapo. Methali yetu ilitimia kwa ubaya wake wote.

La sita ni haki ya wale wanaofanya kazi kwa mikono yao. Asiyekuwapo ana haki, lakini isiwe haki yake yachukuliwa katika usingizi wa kijana aliyepo. Ukimwahidi mtu kitu kabla ya kumwuliza fundi, umetoa sadaka kwa mali ya mwenzio. Na kazi ikisifiwa, wataje wao. Ikilaumiwa, simama wewe. Si busara ya uongozi tu, ni uadilifu: wewe ndiye uliyeitwa mwenye kujibu.

Basi twarudi katika swali letu. Anayeamua kazi ya watu ni nani? Si mwenyewe, kwani hana kitu chake ndani yake. Wala si mtumishi wa waliotoa fedha, kwani fedha hutolewa kwa ajili ya jambo, na jambo hilo ndilo lenye kutumikiwa. Yeye ni mwekewa amana. Na ajabu ya amana hii ni kuwa wenyewe hawajui kuwa wameiweka, wala hawatakuja kuidai. Amana isiyodaiwa ndiyo inayompima mtu.

Wewe msomaji huenda usiandike programu maishani mwako. Lakini yako mambo uliyo mwenyewe kwa jina na mwekewa amana kwa hakika. Wewe unayejenga nyumba ya kupangisha, fikiri juu ya mama atakayepanda ngazi hizo na ndoo ya maji. Wewe unayepanga masomo ya madrasa, fikiri juu ya mtoto asiyeelewa haraka, ambaye baba yake si mjumbe wa kamati. Wewe mama unayegawanya futari, wamjua aliye kazini ambaye hajarudi; humwekei sahani yake kwanza ukaifunika kawa? Hiyo sahani iliyofunikwa ndiyo ilimu yote niliyokueleza. Mama zetu wameijua siku zote: asiyekuwapo, na lake liwepo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa amana tulizozijua na tusizozijua. Amin.

Wabillahi ttawfiq.